Kufunga bao si kufunza kufunga

Ipo dhana moja iliyokita mizizi miongoni mwetu, nayo ni kwamba aliye hodari wa kutenda jambo hawezi kushindwa kulifundisha. Tunaikuta dhana hii shuleni, ambako kijana aliyepata alama ya A katika hisabati hurejea kijijini kusubiri kuitwa chuo kikuu, akakabidhiwa darasa papo hapo bila ya yeyote kumwuliza kama anajua kusimama mbele ya watoto. Tunaikuta pia, tena kwa wingi, katika viwanja vya kandanda. Mshambulizi akishatundika daluga, mashabiki humtaka awe kocha wiki inayofuata. Akishindwa, wao hao ndio wa kwanza kumzomea.

Sinyoshei watu kidole nikijitoa mimi. Miaka mingi iliyopita nilikuwa mwalimu wa michezo katika shule moja ya upili magharibi mwa nchi. Kijana mmoja aliyekuwa amesomea hapo, akapata hata kuvalia jezi ya klabu ya ligi kuu, alirejea nyumbani baada ya goti lake kuumia. Enzi zake za shule alikuwa tishio. Makipa wa shule jirani walimjua kwa jina la utani, na nasikia wengine walikuwa wakiugua ghafla siku ya mechi. Nilimwendea mwalimu mkuu nikamsihi tumpe timu, naye hakuhitaji kusihiwa sana. Tukamkabidhi filimbi, mipira minne na wavulana ishirini na wawili.

Mazoezi yake nayakumbuka hadi leo. Aliwapanga wavulana mstari, akauweka mpira chini, akasema, “Tazameni.” Licha ya goti lile bovu, akaupiga ukatua pembeni juu kabisa mwa lango, pale ambapo mkono wa kipa haufiki. “Haya, fanyeni hivyo.” Wavulana walipiga, mipira ikapotelea katika shamba la mahindi. Akarudia, “Tazameni.” Mvulana mmoja akainua mkono akauliza ule mguu usiopiga mpira unafaa kusimama wapi. Mwenzetu alinyamaza, akauangalia mguu wake mwenyewe kana kwamba ndiyo mara ya kwanza kuuona, kisha akajibu, “Utajua tu.” Tulibanduliwa katika mashindano ya zoni bila kufunga hata bao moja. Mwalimu mkuu alimwachisha kazi mbele ya gwaride la Ijumaa, na mimi niliyemleta sikufungua kinywa.

Kijana huyo alinijia akilini tena Machi 2025, Kenya ilipomtangaza Benni McCarthy wa Afrika Kusini kuwa mkufunzi wa Harambee Stars. Furaha iliyotanda mitaani ilikuwa furaha ya jina. Watu walitaja mabao yake, wakataja kombe la Ulaya. Ni wachache niliowasikia wakiuliza alikuwa amefanya nini katika miaka kumi na miwili tangu alipoacha kuyafunga mabao hayo, na kwa maoni yangu hilo ndilo lililofaa kuulizwa kwanza.

Mabao yenyewe hayana ubishi. McCarthy alizaliwa Cape Town mwaka 1977 na kulelewa Hanover Park, mtaa ambao magenge ya vijana yameusumbua kwa miaka na mikaka. Februari 1998, akiwa na umri wa miaka 20, alikwenda Burkina Faso kwa fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika akafunga mabao 7, manne kati ya hayo katika muda wa dakika 13 dhidi ya Namibia. Alitoshana na Hossam Hassan wa Misri, na Misri ikawashinda Afrika Kusini 2-0 katika fainali jijini Ouagadougou. Miezi minne baadaye, nchini Ufaransa, alifunga bao la kwanza kabisa la Afrika Kusini katika Kombe la Dunia, dhidi ya Denmark. Kufikia mwisho wa safari yake alikuwa ameifungia Bafana Bafana mabao 31, mengi kuliko Mwafrika Kusini yeyote aliyemtangulia.

Lakini kuna sehemu ya maisha yake ya uchezaji ambayo naona inawahusu walimu zaidi kuliko mabao hayo. Alipokuwa Porto ya Ureno, mkufunzi wake alikuwa José Mourinho. Mourinho hakuwahi kuwa mchezaji wa kutajika. Alisomea elimu ya viungo jijini Lisbon, akafundisha shuleni, kisha akaingia katika soka kubwa kwa mlango wa uani, akiwa mkalimani wa Mwingereza Bobby Robson. Mwalimu wa shule, tena mkalimani! Huyo ndiye aliyemchukua mshambulizi kutoka Hanover Park akamfanya mfungaji bora wa ligi ya Ureno msimu wa 2003-04 kwa mabao 20. Msimu huo huo McCarthy alifunga mabao yote mawili Porto ilipoilaza Manchester United 2-1, na mwezi wa Mei timu hiyo ikatwaa kombe la Klabu Bingwa Ulaya kwa kuicharaza Monaco 3-0 huko Gelsenkirchen, Ujerumani. McCarthy aliingia uwanjani siku hiyo kama mchezaji wa akiba.

Basi kwa muda fulani kijana huyu aliishi karibu na mtu ambaye hakuweza kumwonyesha kwa miguu jinsi bao linavyofungwa, ila aliweza kumweleza. Sijui kama wakati ule alilitafakari hilo. Mchezaji wa miaka 26 hutafakari mambo mengine. Hata hivyo, alipofika wakati wa kuchagua njia ya maisha, somo lilikuwa limekwisha kufundishwa.

Wakati huo haukuja kwa upole. Mwaka 2010 Kombe la Dunia lilipoletwa Afrika kwa mara ya kwanza, tena katika nchi yake, mkufunzi Carlos Alberto Parreira alimwacha nje ya kikosi. Alirudi nyumbani kuchezea Orlando Pirates, akashinda nao mataji matatu katika msimu wa 2011-12, na mwaka 2013 akaacha kucheza.

Hapa ndipo mashabiki wetu wangempa timu. Yeye alikwenda kutafuta vyeti. Ngazi ya vyeti vya ukufunzi barani Ulaya hupanda kidato kwa kidato, na cha juu kabisa ni kile kiitwacho Pro, ambacho McCarthy alikifikia. Kazi anayofanyishwa mwanafunzi wa kozi hizi, mwalimu yeyote ataitambua mara moja: kuandika azimio la kazi la msimu mzima, kuandaa andalio la somo kwa kila kipindi cha mazoezi, kusimamia kipindi hicho huku wakufunzi wakuu wakimtazama na kuandika, kisha kuketi na kuambiwa alipokosea. Yaani ni mazoezi ya ualimu, yale yale yaliyotutoa jasho sisi tulipokuwa vyuoni. Mtu aliyewahi kushangiliwa na maelfu huketi kwenye dawati akarekebishwa na mtu ambaye huenda hakuwahi kufunga bao popote.

Mwaka 2015 alianza kazi. Hakuanza na Pirates, wala Porto, wala timu ya taifa. Alikuwa msaidizi wa kocha katika Sint-Truiden, klabu ya mji mdogo nchini Ubelgiji. Msaidizi ndiye anayepanga koni uwanjani asubuhi na kuzikusanya jioni. Mwaka 2017 ndipo alipopewa timu yake mwenyewe, Cape Town City, ya mji alikozaliwa. Msimu wake wa kwanza timu ilishindwa katika fainali ya kombe la MTN8 na SuperSport United kwa mikwaju ya penalti. Mwaka 2018 zikakutana tena timu zile zile katika fainali ya kombe lile lile, zikafika penalti tena, na mara hii McCarthy akashinda. Novemba 2019, ushindi ulipoadimika, alipigwa kalamu.

Desemba 2020 AmaZulu ya Durban ilimchukua. Timu hiyo ilimaliza ligi ya 2020-21 katika nafasi ya pili, ikafuzu kwa Klabu Bingwa Afrika kwa mara ya kwanza katika historia yake, na huko ikaibandua TP Mazembe ya Lubumbashi, klabu ambayo imelitwaa kombe hilo mara tano. Machi 2022 alipigwa kalamu tena. Kazi hii haina shukrani, na anayeiingia akitafuta makofi aliyoyazoea alipokuwa mchezaji amepotea njia.

Miezi michache baadaye Manchester United, ile aliyoifunga mabao mawili mwaka 2004, ilimwita kuwanoa washambulizi wake chini ya Erik ten Hag. Alikaa huko misimu miwili. Msimu wa 2022-23 Marcus Rashford alifunga mabao 30 katika mashindano yote, idadi ambayo hakuwa ameifikia kabla ya hapo, na sifa zikamwendea McCarthy. Msimu uliofuata Rashford yule yule alifunga mabao 8, na lawama zikafuata njia zilizopitia sifa. Walimu wa darasa la mtihani mnaijua hali hiyo. Wanafunzi wakifaulu, wana vipawa. Wakianguka, mwalimu alikuwa wapi?

Washambulizi waliorushwa moja kwa moja kwenye usukani wametuachia mifano ya kutosha. Alan Shearer alikabidhiwa Newcastle mwaka 2009 mechi nane zikiwa zimesalia. Alishinda moja, timu ikateremshwa daraja. Thierry Henry, mfungaji ambaye Ufaransa ilimwimba, aliongoza Monaco kuanzia Oktoba 2018 hadi Januari 2019. Hakuna aliyeweza kuwaambia Shearer na Henry lolote kuhusu kufunga bao. Nadhani tatizo la mshambulizi ni mahali anaposimama. Kwa miaka kumi na mitano au ishirini, lango lake mwenyewe huwa nyuma ya mgongo wake. Hulitazama lango la wengine tu. Yanayotendeka nyuma yake, jinsi mabeki wanavyosogea pamoja, jinsi kiungo anavyoziba pengo kabla halijaonekana, yeye huyasikia kwa sauti. Tena kufunga kwenyewe huamuliwa katika muda mfupi kuliko kupepesa jicho, na kinachotendwa upesi namna hiyo hakipiti katika maneno. Ndiyo sababu kijana wetu aliutazama mguu wake akakosa jibu. Hakuwa mjinga. Mguu wake ulijua jambo ambalo ulimi wake haukuwahi kuambiwa.

Kwa hiyo Agosti 2025, Kenya ilipoandaa mashindano ya CHAN pamoja na Uganda na Tanzania, nilikuwa na hamu ya kuona mshambulizi huyu amewafunza nini vijana wetu wa ligi ya nyumbani, ambao hawakuwahi kufika katika mashindano hayo. Nilitarajia mabao. Nilichokiona Kasarani kilikuwa kinyume kabisa. Tuliishinda Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo 1-0. Tukatoka sare ya 1-1 na Angola, tukiwa watu kumi uwanjani kwa zaidi ya saa nzima baada ya Marvin Nabwire kuonyeshwa kadi nyekundu. Tukaishinda Moroko, ambao hatimaye walilitwaa kombe, 1-0 kwa bao la Ryan Ogam, na mara hii pia tulicheza kipindi chote cha pili tukiwa kumi. Tukaishinda Zambia 1-0. Mechi nne, mabao manne ya kufunga, bao moja tu la kufungwa, na kileleni mwa kundi.

Tazama basi: mtu aliyeifungia nchi yake mabao 31 ametuletea timu inayojua kulinda! Siku ile ya Moroko niliwatazama mabeki wetu wakisogea kushoto pamoja, wakirudi kulia pamoja, kana kwamba wamefungwa kwa kamba moja, na wale viungo wakiteremka kuziba kila mwanya. Hayo hakuyapata kwa miguu yake. Alijifunza baada ya kuacha kucheza, akiwa mtu mzima, kwa kukubali kuwa kipo asichokijua. Hata hivyo ufundi wake wa zamani haukupotea. Ogam, kijana aliyezaliwa mwaka 2004, alifunga mabao mawili katika mashindano yale na baada yake akaenda Austria kuchezea Wolfsberger.

Agosti 22 tulikutana na Madagaska katika robo fainali. Sare ya 1-1, kisha penalti, na tukashindwa 4-3. Kutoka nilikoketi nilimwona McCarthy akiwaendea vijana waliokosa mikwaju mmoja baada ya mwingine. Nikakumbuka zile fainali mbili za Cape Town City, aliyoshindwa na aliyoshinda.

Nisije nikadhaniwa nimeajiriwa kumsifu, acha niseme na yaliyobaki. Mwezi uliofuata Gambia walitujia papo hapo Kasarani wakatucharaza 3-1 katika mechi ya kufuzu kwa Kombe la Dunia. Novemba 2025 Senegal walitutandika 8-0 katika mechi ya kirafiki nchini Uturuki, na asubuhi ya pili katika matatu niliyopanda hapakuwa na abiria aliyekumbuka Moroko. Cheti hakimkingi mtu na mabao manane. Kinachoweza kumsaidia ni kujua kwa nini yaliingia, na kuweza kuwaeleza wachezaji sababu hizo kwa maneno watakayoyaelewa. Mwenzake wa 1998, Hossam Hassan, naye amekuwa mwalimu wa timu ya taifa lake tangu Februari 2024, na Oktoba 2025 aliiongoza Misri kufuzu kwa Kombe la Dunia la 2026. Kabla ya hapo alikuwa amezunguka klabu za Misri kwa zaidi ya miaka kumi, akifukuzwa huku na kuajiriwa kule.

Lawama yangu iko kwetu sisi. McCarthy alipokuja alifuatana na wasaidizi wa kigeni, akiwamo kipa wa zamani wa Afrika Kusini, Moeneeb Josephs, wa kuwanoa walinda lango. Tulilalamika kwamba Wakenya wamesahauliwa. Sawa, lakini tulikuwa tumewaandaa akina nani? Shirikisho la Soka la Afrika lina ngazi yake ya vyeti, kutoka D, hadi C, hadi B, hadi A, na hatimaye Pro. Mchezaji wetu anapomaliza kucheza, aghalabu akiwa hana akiba wala kazi, ni nani humlipia hata ile D? Wale waliofungia klabu kubwa mabao katika miaka ya themanini na tisini, tuliwapigia makofi, tukawatungia nyimbo, kisha tukawaacha wakazeeka kando ya viwanja wakiombwa wasimulie. Ni ubadhirifu. Vichwani mwao mna elimu ya soka ambayo haijapata mtu wa kuwasaidia kuitoa.

Sasa hitaji limebisha hodi shuleni. Mtaala wa umilisi umeweka mikondo mitatu katika sekondari pevu, na mmoja wao ni wa Sanaa na Sayansi ya Michezo. Wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 waliingia Januari 2026. Nakiri nina wasiwasi. Naona shule ikimtafuta aliyewahi kucheza, akapewa filimbi na mipira minne kama tulivyofanya sisi, na mtoto akainua mkono kuuliza mguu usimame wapi. Wizara, kaunti na shirikisho zingekaa pamoja zikatenga karo ya kozi za D na C kwa wachezaji wa zamani walio tayari kusoma, na vyuo vya ualimu vikawafunza namna ya kuongoza darasa, shule zingepata walimu, na wazee wetu wa soka wangepata riziki ya halali. Si fedha nyingi zikilinganishwa na zinazotumika kununulia maafisa tiketi za ndege. (Hilo nitaliandikia siku yake.)

Yule kijana, ambaye sasa ana mvi, nilikutana naye sokoni mwezi mmoja baada ya mechi ya Madagaska. Huuza nguo za mitumba. Nilimwomba radhi kwa Ijumaa ile, akacheka, akasema alikwisha kuisahau, ingawa alinitajia bila kusitasita jina la kila mvulana aliyekuwa katika timu ile. Kisha akaniambia kwamba ule mguu usiopiga husimama kando ya mpira, kidole kikielekea pale unapotaka mpira uende, na goti likunjwe kidogo. Ilimchukua miaka kadhaa kulipata jibu hilo, akiwatazama watoto wa jirani wakicheza nyuma ya kibanda chake. Nilimweleza habari za cheti cha D. Aliniuliza kama umri wake haujapita, nikamwambia McCarthy alikuwa na miaka 38 alipokuwa akipanga koni Ubelgiji. Akasema yeye ameshapita huko zamani. Hata hivyo alinipa nambari yake ya simu, na fomu za kozi ijayo nimeahidi kumpelekea mimi mwenyewe.